Jumatatu na Alhamisi

Bolti lilizunguka robo, likakaa kidogo, kisha likarudi lilikotoka. Fundi Viti akavuta spana tena. Likazunguka robo. Likarudi. Ilikuwa Jumatano, saa mbili asubuhi, na mchezo huo ulikuwa umeanza Jumatatu adhuhuri.

"Mshenzi wewe," aliliambia, bila hasira. Hasira zilikuwa zimekwisha jana yake.

Gari lilikuwa uani, pua juu, limeshikiliwa na jeki moja na magogo mawili, gurudumu la mbele la kushoto limelazwa kando. Lilikuwa na umri wa kuoa na kusomesha. Mkono wa chuma unaolishika gurudumu kwa chini ulikuwa umeoza, na Jumatatu, hatua chache tu nje ya geti, gurudumu lilijilaza ubavu kama mbuzi aliyegoma. Kuutoa mkono huo ni kufungua mabolti matatu. Mawili yalitoka. La tatu, lile linalopita katikati ya bushi, ule mpira wa kiungo wenye bomba la chuma ndani yake, kutu ilikuwa imeligandisha humo. Ukilizungusha, mpira wa bushi unajisokota nalo. Ukiachia, mpira unalirudisha. Tusidanganyane, hapo hufungui kitu. Unaubembeleza mpira.

Mkewe alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni, mikono mapajani, akitazama. Figo zake zilikuwa zimekataa kazi, mwaka wa pili sasa. Kila Jumatatu na kila Alhamisi, saa sita mchana, alitakiwa awe hospitali upande wa pili wa mji, afungwe kwenye mashine ya kusafisha damu kwa saa nne. Jumatatu ilikuwa imepita. Kesho ilikuwa Alhamisi. Anayekosa mara mbili mfululizo, nafasi yake hupewa mwingine, na orodha ya wanaosubiri ilikuwa ndefu. Na hata kama orodha isingekuwepo, daktari aliwahi kuwaambia wote wawili, taratibu, kama anayeongea na watoto, kwamba mtu mwenye hali ile, akipitisha wiki bila mashine, basi... Hakuimalizia sentensi yake, na wao hawakumwomba aimalizie.

Binti yao alitoka ndani amevaa sare ya kazi, fulana nyekundu ya makeshia, mkoba begani.

"Shikamoo Baba. Limetoka?"

"Marahaba, mama. Linatoka."

"Hata jana lilikuwa linatoka."

Chini ya gari spana ikagonga chuma.

"Baba, ita fundi."

"Fundi ni nani hapa?"

"Fundi wa magari."

"Nimekaa gereji miaka ishirini na sita," alisema, na sauti yake chini ya gari ilitoka kama ya mtu aliye ndani ya pipa. "Mikono ya chini nimeiona ikitolewa mpaka macho yamechoka."

"Ndiyo, umeiona. Wewe ulikuwa unashona viti."

Mama akasema kutoka mlangoni, "Mwache baba yako. Nenda kazini, utachelewa."

Binti akasimama kidogo, amejuta, lakini maneno yakishatoka yametoka. Na yalikuwa ya kweli. Miaka yote ile baba yake alikaa kwenye kona ya gereji na cherehani yake nzito, akikata ngozi, akijaza sponji, akivalisha viti. Walipohamia mtaa huu, miaka tisa iliyopita, mtu wa kwanza aliyesikia neno gereji alimwita Fundi, wa pili akafuata, naye hakuona sababu ya kuwasahihisha. Jina la Fundi Viti lilibaki kwa wale wa zamani na kwa watu wa nyumbani. Mtaani alikuwa Fundi tu. Watu walimsimamisha njiani wakamsikilizisha injini zao, yeye akainamisha kichwa, akasema, "Hiyo ipeleke ikaangaliwe mapema," na kila mara ikawa kweli.

Gereji ilifungwa. Siku hizi watu hununua vifuniko vya viti vilivyo tayari. Kazi iliyombakia ilikuwa moja, kumpeleka mkewe hospitali na kumrudisha. Jumatatu na Alhamisi alinyoa ndevu, akavaa shati lililopigwa pasi, akafuta vioo vya gari kwa gazeti. Siku nyingine tano alikuwa akizisubiri hizo mbili.

Pesa iliyokuwepo nyumbani Jumatatu ilitosha jambo moja: teksi kwa wiki mbili, au mkono mpya wa gari. Alinunua mkono. Alisema kazi ya saa mbili tu, jamani, saa mbili limekwisha, Alhamisi tunakwenda kama wafalme. Na mkewe alisema sawa, usihangaike na simu, nimeshawapigia hospitali, wamesema tuje Alhamisi. Basi la abiria halikuzungumzwa. Mwaka jana, wakitoka kwenye mashine, alizimia ndani ya basi, watu wakamkanyaga vidole, na kondakta akauliza nani atalipia kiti alichokichafua.

"Nitamwomba bosi mshahara wa mbele," binti alisema akifungua geti. "Kesho tuchukue teksi."

"Umeshaomba mara mbili," mama alisema.

"Basi itakuwa ya tatu."

*

Mtu akitengeneza gari nje, mtaa mzima unakuwa fundi. Muuza mayai alisimama akashauri soda: imwagie soda, Fundi, kutu yote inaliwa. Akamwaga. Mshona viatu akasema mafuta ya breki. Akamwaga. Askari mstaafu wa nyumba ya pili akasema mambo hayo ni nyundo kubwa na moyo mgumu. Akapiga mpaka kichwa cha bolti kikawa duara na kiganja kikachubuka. Soda ilileta sisimizi. Mafuta ya breki yalitoboa rangi. Bolti likabaki mahali pake.

Jua lilipokuwa juu alitoka chini ya gari, akajifuta, akazunguka nyuma ya nyumba. Huko kulikuwa na bomba. Alilifungua kidogo sana, maji yasilie, akanywa kwa kiganja, haraka haraka kama mwizi. Mkewe aliruhusiwa vikombe viwili vya maji kwa siku, navyo alivigawa kwa kijiko, na tangu siku alipopewa sharti hilo mumewe hakuwahi kunywa maji mbele yake. Mke alijua. Kila mara mzee alirudi na kidevu kimelowa, na yeye akatazama pembeni.

Akaingia tena chini. Ukiwa chini ya gari, dunia yote ni miguu. Siku hizo tatu alikuwa amejifunza kuwatambua watu kwa visigino. Akaona miguu inakuja polepole kutoka mlangoni, inasimama karibu na gogo. Ilikuwa imevaa kandambili za Fundi Viti mwenyewe, zile kubwa za bluu, na kamba zake zilikuwa zimezama ndani ya nyama. Jumatatu mkewe alikuwa amevaa zake mwenyewe.

Aliitazama miguu ile kwa muda mrefu. Alitaka kitu fulani kimshike, hofu, uchungu, chochote. Hakikuja. Kifuani palikuwa na ganzi, kama mkono uliolaliwa.

"Mzee," mkewe aliita juu.

"Naam."

"Kama halitoki, basi."

"Basi nini?"

"Basi tu. Liache."

"Nikiliacha, kesho utakwenda na nini?"

Miguu ilisogea kidogo, ikatafuta pahali pa kusimama vizuri.

"Unajua mimi sisikii kitu siku hizi?" alisema. "Zamani nilikuwa naogopa. Siku ya kwanza waliponichoma ile sindano nene nililia mpaka nesi naye akalia. Sasa hivi nakaa pale mlangoni nakuangalia, naona kama gari ni la jirani, na mgonjwa ni wa jirani. Nasema, maskini, wale watu wana shida."

Kulikuwa na maneno ya kumwambia mke anayesema hivyo. Mwanamume mwingine angeyapata.

"Nisogezee nyundo," alisema.

Aliisogeza kwa kidole cha mguu. Haikuwa rahisi kwake kuinama.

*

Saa tisa alikwenda dukani kwa Mwenye Duka, ambaye alikuwa na pikapu. Alinawa mikono kwanza, lakini mafuta hayakutoka kwenye kucha. Dukani palikuwa na wateja wawili, akasubiri waondoke. Hawakuondoka.

"Fundi!" Mwenye Duka alimpokea. "Umekuja wakati mzuri. Pikapu yangu ina mlio, nikipandisha mlima inalia kiii, kiii. Hebu njoo usikilize."

"Nimekuja na shida. Mama anatakiwa hospitali kesho. Gari langu bado."

"Bado? Siku ya tatu leo!" Akawageukia wateja. "Jamani, fundi naye gari linamshinda! Sisi wengine tukimbilie wapi?"

Wateja wakacheka, si kwa ubaya. Fundi Viti akacheka nao kidogo.

"Kesho nakwenda kuchukua mzigo," Mwenye Duka alisema. "Njia ni ileile. Ila mbele anakaa mama watoto na dada yake. Mama akikubali nyuma, juu ya magunia, tutamwekea mto. Wewe lakini uniangalizie huo mlio kwanza."

"Mimi sijui injini," alisema Fundi Viti.

"Unasemaje?"

"Sijui injini. Sijawahi kujua. Gereji nilikuwa nashona viti."

Mteja mmoja akaanza kuzisoma pakiti za chumvi kana kwamba ni barua. Mwenye Duka alifungua mdomo, akaufunga, akaufungua.

"Miaka tisa, Fundi?"

"Miaka tisa."

"Na ile gari ya shemeji yangu, uliyosema ipelekwe mapema?"

"Kila gari ni vizuri kupelekwa mapema."

Akatoka. Nje alisubiri aibu impande usoni, maana aliijua namna inavyopanda. Haikupanda. Alichoona ni kwamba ametua mzigo, na hakujali ulikoangukia. Akasimama kwenye kivuli cha ukuta, akatoa simu, akampigia Kobe, mwenzake wa gereji.

Kobe alikuwa fundi kweli, miaka yote chini ya magari, shingo tu ndiyo inatoka. Sasa alikuwa mzee, anaishi kwa mwanawe mji mwingine, magoti hayampi ruhusa. Alishangilia mpaka simu ikakwaruza.

"Viti! Uko hai?"

"Niko hai. Kobe, bolti la bushi, mkono wa chini."

"Linazunguka linarudi?"

"Ndiyo."

"Una siku ngapi nalo?"

"Ya tatu."

Kikaja kicheko, kirefu, chenye kikohozi ndani.

"Kata, ndugu yangu. Hilo halifunguliwi, linakatwa. Shika msumeno wa chuma, pita kati ya mkono na bodi, upande huu na upande huu. Lakini ukianza umeanza. Ukilikata nusu ukaghairi, huna gari. Mabolti mapya unayo?"

Fundi Viti akahamishia simu sikio la pili.

"Umenunua mkono bila mabolti?"

"Nilidhani haya haya yatarudi."

"Ee bwana wee! Haya. Tafuta mabolti. Na la mwisho, sikiliza vizuri. Ukishafunga mkono mpya, usikaze mkazo wa mwisho gari likiwa juu. Mpira utashikwa umejisokota, baada ya mwezi umekatika, unarudi palepale. Literemshe, lisimame kwa miguu yake, weka mtu kwenye kiti, ndiyo ukaze."

"Mtu gani?"

"Mtu yeyote mwenye uzito. Sisi si tulikuwa tunakuita wewe?"

Fundi Viti akasikia ukuta nyuma ya mgongo wake. Aliwakumbuka vizuri. Kila gari likiteremshwa, sauti ilitoka chini: Viti, njoo ukae! Naye aliacha cherehani, akafuta mikono, akakaa kwenye kiti alichokishona, akaegemea, akajitikisa kidogo kuona kama sponji imekaa sawa. Miaka ishirini na sita aliamini wanamheshimu kazi yake, kwamba gari halitoki pale mpaka yeye akikubali kiti.

"Ulidhani tunapima kiti?" Kobe aliuliza.

"Hapana," alisema Fundi Viti. "Nilijua."

*

Nafasi kati ya mkono na bodi ilikuwa finyu, fremu ya msumeno haikuingia. Aliuchomoa wembe wa msumeno kwenye fremu, akauzungushia kitambaa upande mmoja, akakata kwa kidole na kiganja. Kila mvuto ulikuwa mfupi kama kucha. Vumbi la chuma lilimwingia machoni.

Binti alirudi saa kumi na moja. Mama yake alikuwa amelala. Aliweka mkoba, akavua viatu, akachuchumaa kando ya gari.

"Bosi amekataa," alisema. "Amecheka kwanza, halafu akakataa. Mbele ya wenzangu."

"Mwenye Duka anatoa nafasi. Nyuma, juu ya magunia."

"Mama juu ya magunia?"

"Amesema ataweka mto."

Binti alimwangalia baba yake. Kitambaa cha wembe kilikuwa na damu. Akajilaza chali juu ya boksi lililotandikwa, na fulana yake nyekundu ya kazi, akajisukuma chini ya gari.

"Lete," alisema.

"Utachafuka."

"Lete, Baba."

Wakakata kwa zamu. Mmoja akichoka, anauachia wembe, mwingine anaushika bado una moto.

"Nisamehe kwa ya asubuhi," binti alisema.

"Ulisema kweli. Hata dukani nimewaambia."

"Umewaambia? Wakasemaje?"

"Mmoja alisoma chumvi."

Binti akacheka puani, kisha akaacha. Jua lilipozama upande mmoja ulikuwa umekatika. Fundi Viti aliushika mkono wa zamani akautikisa. Ulicheza kidogo. Hapo ndipo gari lilipokuwa halina kurudi nyuma, na wote wawili walilijua hilo.

*

Alhamisi saa kumi na mbili na nusu asubuhi alikuwa chini tena. Binti alipiga simu kazini akasema anaharisha, akaenda kusubiri duka la vipuri lifunguliwe. Saa tatu kasoro upande wa pili ulikatika, na mkono wa zamani ukaanguka kifuani kwa Fundi Viti. Alibaki nao hapo dakika nzima, ameukumbatia, anahema. Mwenye Duka alipita na pikapu, akapiga honi moja. Mke alitikisa kichwa kutoka mlangoni. Pikapu ikaenda zake.

"Mngeniuliza," alisema. "Mimi si gunia."

Mabolti yalifika saa tatu na nusu. Mkono mpya uliingia kwa shida, ukatoka, ukaingia. Gurudumu likafungwa. Saa nne na dakika arobaini gari lilishuka kutoka kwenye magogo, likasimama. Fundi Viti alikwenda mlangoni.

"Mama, njoo ukae ndani ya gari."

"Mimi siendi," mkewe alisema. Hakusema kwa ukali. Alisema kama anayekataa chai. "Nimekwambia jana. Nimechoka, Mzee."

"Sijasema uende. Nataka uzito. Kobe amesema akae mtu, nikaze bolti."

Alimwangalia, akatafuta kama kuna hila. Uso wa mumewe ulikuwa mweusi kwa mafuta na hauna kitu.

"Kukaa tu?"

"Kukaa tu."

Baba na binti walimshika huku na huku. Alikaa kiti cha mbele, lakini miguu ilibaki nje, haikunyanyuka. Alikuwa anahema kwa mdomo. Fundi Viti alichuchumaa, akaushika mguu wa kwanza juu ya kifundo auingize. Alipouachia, dole gumba lake lilikuwa limeacha shimo. Akasubiri lijae. Halikujaa. Maelfu ya mara aliwahi kumwonyesha mteja jambo hilo hilo kwenye kiti: bonyeza hapa, unaona, halirudi, hii sponji imekufa, tubadilishe. Akaingiza mguu wa pili bila kuutazama, akaenda chini ya gari.

Alikaza. Bolti la kwanza, la pili, la tatu. Aliweka bomba kwenye mpini wa spana akaning'inia kwa nguvu zake zote, na juu yake alisikia mkewe akikohoa, kikohozi cha maji. Alipotoka hakunawa. Alitupa spana, akamwashiria binti aingie nyuma, akakaa kwenye usukani, akawasha.

"Si ulisema nikae tu?" mkewe aliuliza.

"Ndiyo," alisema, akiingiza gia. "Kaa tu."

Hakubishana. Labda hakuwa na pumzi ya kubishana. Gari lilikwenda kimya, halikugonga hata kwenye shimo la kona, na hakuna aliyelisifu.

*

Saa sita na dakika ishirini walikuwa kwenye mizani. Nesi, mwanamke wa makamo mwenye miwani shingoni, aliisoma namba, akavaa miwani, akaisoma tena. Zilikuwa zimeongezeka kilo tisa, zote maji. Aliita wenzake, na mambo yakaenda mbio: kiti cha magurudumu, oksijeni, mirija, daktari. Fundi Viti alibaki koridoni na mikono yake myeusi, amekatazwa kugusa ukuta. Binti alikaa sakafuni akalala hapo hapo.

Baada ya saa nzima nesi alitoka.

"Amepona leo," alisema. "Kesho angekuwa hayupo. Nakwambia wazi, mzee, maana nimekasirika. Jumatatu mlikuwa wapi?"

"Gari liliharibika. Si aliwapigia simu?"

"Hakuna aliyepiga. Mngepiga tungewachukua."

"Mngetuchukua na nini?"

"Na gari la hospitali." Nesi alimwangalia kana kwamba anaulizwa kuku ni nini. "Gari la wagonjwa wa mashine. Tuna miezi minne nalo. Linapita barabara yenu, linamchukua yule mwalimu wa nyumba za chini. Bure. Mama nilimwambia mwenyewe. Nikataka kumwandika, akasema nisubiri kwanza, azungumze na mzee wake."

Fundi Viti aliitikia kwa kichwa, mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Ndani, mkewe alikuwa amelala, damu yake ikitoka kwa mrija mmoja na kurudi kwa mwingine. Alifumbua macho. Rangi ilikuwa imeanza kumrudia midomoni. Mumewe alisimama kando ya kitanda.

"Kuna gari la hospitali," alisema.

"Lipo."

"Tangu miezi minne."

"Ndiyo."

"Mbona hukuniambia?"

Mkewe alikitazama kiganja cha mumewe kilichochubuka, kitambaa alichokifunga kimegandia damu.

"Ningekwambia," alisema, "ungefanya nini Jumatatu na Alhamisi?"

Mashine ililia kidogo, ikanyamaza. Fundi Viti akazipitia siku za wiki moja moja.

"Na Jumatatu hii?" aliuliza. "Ulijua ningeshinda na lile bolti, na ukanyamaza?"

"Jumatatu nilichoka. Niliona nikikwambia habari ya gari lao, nitakuwa nimekunyang'anya kazi bure, maana mwenyewe sitaki kwenda. Nikasema, bolti likitoka, nitakwenda. Lisipotoka, basi. Nililiachia liamue." Akafumba macho. "Sikujua wewe ni mbishi kiasi hicho."

Hapo ndipo uchungu ulipomfikia, wote kwa pamoja, siku nne umechelewa. Alishika chuma cha kitanda, akainama, akalia bila sauti juu ya shuka la hospitali, na machozi yalipodondoka yaliacha madoa meusi kwa sababu ya mafuta usoni. Mkewe hakufumbua macho. Alinyoosha vidole vya mkono usio na sindano, akavishika viwili vya mumewe.

Alipomaliza alitoka akaenda mezani kwa nesi.

"Mwandike," alisema.

Nesi akavuta daftari. Akauliza mtaa, akauliza nyumba, akauliza simu ya nani wapige wakikaribia. Fundi Viti akataja namba ya mkewe, akasahihisha tarakimu moja.

"Saa nne na nusu awe getini. Watamrudisha jioni," nesi alisema. Kisha akainua kalamu. "Ila nikuambie kabisa usije ukalalamika mbele. Gari ni la viti sita, wagonjwa sita. Msindikizaji haruhusiwi."

Fundi Viti aliangalia kalamu iliyosimama hewani.

"Andika tu," alisema. "Mimi nina kazi nyumbani."